Corolla NZE lagonga mbele: shoki mpya, linki mpya, na bado "kok". Mafundi wa Malindi njooni

Msafiri wa Marafa (mleta uzi)

Assalamu alaykum, na habari za jioni kwa wote.

Nina Corolla NZE ya mwaka 2004. Kazi yake ni kunipeleka Marafa mara mbili kwa wiki na kunirudisha Malindi salama. Tangu mwezi uliopita mbele upande wa kushoto kwagonga. Si mlio wa mfululizo, ni "kok" moja nzito kila nikipanda tuta polepole, na "kok" nyingine nikitoka getini kwa rivasi usukani ukiwa umekatwa hadi mwisho. Nikiwa kwenye lami, nikishapita daraja la Sabaki na mwendo umefika 80, kimya kabisa. Ila hapo usukani nao waanza kutangatanga, nikawa namsingizia upepo wa kusi.

Fundi wa kwanza alisema shoki. Nikanunua mbili za mbele. Wiki moja baadaye "kok" ikarudi, sijui kama iliwahi kuondoka. Wa pili akasema linki za stabilaiza (vile vifimbo vya kuzuia gari lisilale konani), nikafunga. Zile kelele ndogo ndogo za "kata-kata-kata" kwenye vumbi zikapungua, namshukuru kwa hilo, lakini "kok" iko pale pale. Sasa wa tatu, ambaye hata hakuinua gari, aliutikisa usukani mara mbili akaniambia raki nzima ya staringi, yaani kile chombo cha usukani kinachogeuza magurudumu, imekwisha. Bei aliyonitajia nimeamua nisimwambie mke wangu.

Kabla sijauza mbuzi, nani amewahi kupitia haya?

Tuktuk Nambari Moja

Uza hiyo Corolla ununue tuktuk yakhe. Mbele gurudumu moja, hakuna mkono wa kushoto wala wa kulia, hakuna kubishana na fundi.

Spana Kumi na Saba

Mleta uzi, wa alaykum salaam. Usinunue raki. Umeshanunua shoki kwa kubahatisha, inatosha.

Hebu angalia tairi la kushoto kwanza kisha uniambie: limelika upande wa ndani zaidi ya nje? Nikikisia bila kuliona gari nasema ni boljointi ya chini, kile kiungo chenye mpira wa chuma ndani ya kikombe na pini inayoingia kwenye mguu wa gurudumu. Lakini kukisia ndiko kulikokufikisha hapa, kwa hivyo tupime. Kazi ya nusu saa, na unahitaji jeki, stendi, mtaimbo au bisibisi kubwa, na kijana mmoja wa kukaa ndani ya gari.

Jambo ambalo mafundi wengi wa barabarani wanalikosa ni mahali pa kuweka jeki. NZE ina shoki na springi pamoja, zimesimama juu ya nakoli, yaani kile chuma kikubwa kinachobeba hab (kitovu cha gurudumu) na breki. Kwa hivyo uzito wa gari unashuka kupitia shoki hadi kwenye gurudumu, na boljointi ya chini haibebi uzito. Kazi yake ni kuushikilia mguu wa gurudumu usikimbie huku na huku. Ukiweka jeki chini ya kontrolamu, yaani ule mkono wa chini unaoshika gurudumu, unaisukuma jointi ijikaze ndani ya kikombe chake, na hata kama imelika kiasi gani utaikuta imetulia kama mtoto wa madrasa. Inua kwa bodi, pale kwenye ukingo wa chini nyuma ya gurudumu palipotengezwa kwa jeki, gurudumu lining'inie kabisa. Weka stendi ndio uanze.

Shika tairi juu na chini, saa kumi na mbili na saa sita za uso wa saa. Vuta juu, sukuma chini, kisha geuza. Ukisikia mchezo, mwambie kijana akanyage breki kwa nguvu halafu utikise tena. Mchezo ukipotea, ni beringi ya hab, kwa sababu breki imeifunga diski na nakoli zikawa kitu kimoja. Ukibaki vile vile, tatizo liko nyuma ya hab.

Sasa shika kushoto na kulia, saa tatu na saa tisa. Mchezo wa hapo mara nyingi ni tai rodi endi au raki endi, vile viungo vya fimbo zinazounganisha raki na gurudumu. Hapo ndipo yule bwana wa raki alipaswa kuanzia.

Mwisho, pitisha mtaimbo kati ya kontrolamu na nakoli, ubinye taratibu juu na chini. Macho yako yawe kwenye raba inayoifunika boljointi. Ukiona pini inapanda na kushuka ndani ya raba huku mkono umesimama, umempata mwizi. Kwenye mfumo huu jointi isiyoharibika haitakiwi kuwa na mchezo wa kuonekana. Ila usichanganye na bushi: mkono ukisogea wote kwa pamoja kutoka kule unakofungwa kwenye chesi, hiyo ni bushi ya kontrolamu, ule mpira wa mkono kule kwenye chesi.

Kama huna uhakika wa jicho, weka vidole juu ya jointi mtu mwingine akitikisa tairi. Vidole havidanganyi.

Mwamu wa Mokowe

Mimi mtu wa Lamu, gari langu linalala Mokowe jetini mimi nikivuka kwa boti. Kila mkisema "kontrolamu ya chini" nasikia "Amu ya chini", Amu ndiyo Lamu yetu, nadhani mwazungumzia mtaa wa Langoni 😀

Utani kando, mwenye gari anayeishi karibu na bahari ajue jambo moja. Raba ya boljointi ikipasuka, kinachoingia si maji tu. Ni mchanga mwembamba na hewa ya chumvi. Grisi ikichanganyika na mchanga inageuka msasa, na ule mpira wa chuma unasagwa kila unapokata kona. Langu lilianza na mlio wa kulia kama mlango mkavu nikikata usukani, nikamwaga WD-40 juu ya raba, likanyamaza siku tatu nikajiona fundi. Kumbe nilikuwa naosha hata ile grisi kidogo iliyobaki.

Binti Barani

Spana, kaka yangu, ahsante kwa maelezo. Sasa mimi nina Prado 95 ya kubebea wageni. Jeki naweka wapi? Na mbona mafundi wawili wamenipa majibu mawili?

Mzee Grisi

Binti, huenda wote wawili walikuwa sawa, kila mmoja kwa gari alilolizoea.

Prado yako ina mikono miwili, wa juu na wa chini, na springi imekalia mkono wa chini. Hapo hesabu inageuka kinyume cha Corolla. Gurudumu likining'inia, springi bado inausukuma mkono na kuibana jointi ya chini, mchezo unajificha. Kwa hivyo jeki iende chini ya kontrolamu yenyewe, karibu na gurudumu iwezekanavyo, uinue mpaka tairi liache ardhi kidogo tu. Jointi inapumua, na mtaimbo chini ya tairi utakuonyesha ukweli. Kanuni yangu ni moja: angalia springi imekalia nini, uiondolee jointi mzigo, ndipo uitikise.

Na nikwambie jambo la pili kuhusu hiyo gari. Jointi yake ya chini imefungwa kwenye nakoli kwa bolti nne, na namna ilivyopangwa uzito wa gari unauvuta mpira utoke kwenye kikombe. Ikiisha haitakupa miezi ya kubembelezana. Inachomoka, gurudumu linalala chini ya fenda, na ukiwa unaelekea Watamu kwa mwendo na wageni ndani, unabaki abiria kama wao. Mwaka 2005 Toyota wenyewe waliita zaidi ya magari 700,000 Marekani kwa ajili ya jointi hizo za chini: Tacoma, Tundra, Sequoia, na 4Runner ambayo sisi twaiita Surf. Prado yako, kwa umri wake, ni ndugu wa ile Surf kwa miguu ya mbele. Nayo usiifunge spea ya kubahatisha, hata kama muuzaji ni shemeji yako.

Binti Barani

Shikamoo Mzee. Kesho asubuhi gari haliendi popote mpaka liangaliwe. Mgeni atapanda tuktuk.

Tuktuk Nambari Moja

Niko tayari 😎

Msafiri wa Marafa (mleta uzi)

Nimerudi na majibu. Mikono michafu, moyo mweupe.

Tairi la kushoto limelika ndani, nikipitisha kiganja nahisi kama meno ya msumeno. Nimeinua kwa bodi. Saa tatu na saa tisa, kimya. Saa kumi na mbili na saa sita, "tok" ndogo. Mwanangu akakanyaga breki mpaka akalalamika mguu, na "tok" ikabaki. Halafu mtaimbo. Jamani! Ile pini inaruka ndani ya raba, hata sikuhitaji kuinama. Na raba yenyewe imepasuka upande wa nyuma, usipolala chini huioni. Nimetoa grisi kidogo kwa kidole: rangi ya udongo wa Marafa, na ukisugua inakwaruza.

Kwa hivyo yule wa raki hapana. Naye wa shoki, basi, hizo shoki nimezitoa sadaka.

Swali: hii kazi naweza kuifanya mwenyewe? Nina spana, nina jirani mwenye nguvu, sina pula (kile chombo cha kuchomolea jointi).

Spana Kumi na Saba

Unaweza. Ni katika boljointi rahisi, kwa sababu haikushindiliwa ndani ya mkono. Iko na bolti moja na nati mbili kwenye kontrolamu, kisha pini yake inapanda ndani ya nakoli na kufungwa kwa nati yenye meno na spliti pini, ile pini ndogo ya kukunjwa inayozuia nati isifunguke. Kuna magari jointi imeumbwa pamoja na mkono wake, hapo unanunua mkono mzima.

Tangu leo anza kuzimwagia bolti mafuta ya kupenya, asubuhi na jioni kwa siku mbili. Piga brashi ya waya kwanza nyuzi zionekane. Gari la Malindi si la Nairobi, bolti ikikatikia ndani utaimba.

Na tafadhali, stendi. Nimeona watu hapa Maweni wakiegemeza gari juu ya jiwe la matumbawe. Jiwe hilo linajenga nyumba vizuri lakini likibanwa sehemu moja lapasuka bila kuaga. Kama stendi huna, azima. Hukupata kuazima, usiingie chini.

Binti Barani

Nyongeza kuhusu kununua, maana hapo ndipo twaibiwa. Nenda na ile ya zamani mkononi, au namba ya chesi. Jointi mpya ishike pini kwa vidole uizungushe: iwe ngumu, itembee polepole na kwa ulaini, ibaki pale ulipoiachia. Ikianguka yenyewe kama shingo ya kuku aliyechinjwa, mrudishie. Raba iwe laini, isiwe na mikunjo mikavu. Boksi lisikutishe wala lisikufurahishe. Maboksi ya chapa ya 555 ya Japani yanaigwa, kwa hivyo angalia chuma chenyewe: maandishi yaliyochongwa, nyuzi safi, spliti pini na nati zipo ndani. Na boljointi kuukuu iliyotoka kwenye gari lililobomolewa, hata iwe ya Japani, mimi sinunui. Wauza injini kuukuu nawaelewa, lakini kitu kinachoisha kwa kusagika huwezi kujua kimebakiwa na nini.

Msafiri wa Marafa (mleta uzi)

Upande wa kushoto tayari. Nawaeleza yote pamoja na aibu zangu.

Nilizilegeza nati za gurudumu gari likiwa chini, nikainua, stendi mbili za kuazima, gurudumu nikalilaza chini ya bodi kama akiba. Bolti na nati mbili za kontrolamu, spana 17, zilitoka kwa kulia lakini zilitoka. Mafuta ya siku mbili yamenilipa. Nilitarajia mkono ushuke wenyewe, haukushuka. Jirani akatia bomba refu juu ya kontrolamu akaukalia kidogo, ukaachana na jointi.

Kasheshe ikawa pini. Nilitoa spliti pini (ilivunjika vipande vitatu, nikaitoa kwa koleo na matusi), nikafungua nati yenye meno, nayo ikapanda hadi ikagusa kichwa cha ekseli. Haipandi, haishuki. Spana, hili hukuniambia!

Baadaye tukang'amua: mkono ukiwa tayari umeachia, unaivuta nakoli kwa nje kidogo, nafasi inapatikana. Jirani alitaka kuivuta kama anavua papa, nikamzuia. Ekseli ikivutwa sana, jointi yake ya ndani inaweza kuachana na tukaanza uzi mwingine. Tuliifunga nakoli kwa waya kwenye springi isining'inie kwa bomba la breki wala kwa waya wa ABS.

Kuchomoa pini yenyewe: jirani alikuwa na uma wa kupigia nyundo. Uma unachana raba, lakini jointi ilikuwa ya kutupwa hata hivyo, tukapiga. Haikutoka. Tukaacha uma, nikaweka nyundo kubwa upande mmoja wa jicho la nakoli, nikagonga upande wa pili kwa nyundo ndogo, kwenye chuma chenyewe, si kwenye pini. Pigo la tatu, "tang!", ikaanguka. Jointi ya zamani mkononi inacheza kama kengele ya ng'ombe.

Tundu la nakoli tulilipangusa mpaka likawa kavu na safi, bila grisi, maana pini ni ya mteremko (yapungua unene kuelekea ncha) na yatakiwa ing'ang'anie chuma kwa chuma. Jointi mpya ikaingia, nati ikakazwa, bolti za mkono zikarudi. Aibu ya mwisho: tundu la spliti pini halikulingana na meno ya nati, nikailegeza kidogo mpaka likalingana. Nikatia pini, nikafunga gurudumu.

"Kok" imekwenda! Nimepanda matuta yote ya mtaani mara mbili, majirani wanadhani nimerukwa na akili.

Spana Kumi na Saba

Hongera, na samahani kwa ile nati. Mimi huwa naachia mkono na kuisukuma nakoli bila hata kufikiri, nikasahau kuisema.

Lakini fungua gurudumu tena leo. Nati yenye meno haivutwi nyuma kutafuta tundu. Unaikaza kwa nguvu iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari, tundu lisipolingana unaendelea MBELE mpaka meno yanayofuata. Ukiilegeza, pini ya mteremko haijakaa sawasawa, itaanza kutembea ndani ya nakoli na kulila tundu. Hapo jointi ya shilingi elfu chache inakula nakoli nzima. Na spliti pini iwe mpya, hiyo utakayoitoa leo usiikunje tena.

Nati za gurudumu Corolla hukazwa kwa nguvu ya Nm 103, kaza kwa kuvukanisha, si kwa kuzunguka. Usisimame juu ya spana kwa miguu miwili. Kesho ukienda Mambrui na kurudi, zijaribu tena.

Mwamu wa Mokowe

Jamani, na alaimenti, yaani kupima na kunyoosha pembe za magurudumu? Au mwaitia tu na kwenda?

Mzee Grisi

Kwa jointi hii ya kufungwa kwa bolti, pembe hazihami sana, lakini tairi lake lilishalika upande mmoja, kwa hivyo apime. Ila asipime leo. Kupima alaimenti na jointi moja mpya na nyingine mbovu ni kupaka rangi ukuta unaobomoka. Kulia kukaguliwe kwanza kwa jeki ile ile na mtaimbo ule ule. Kukiwa na mchezo abadilishe, kusipokuwa na mchezo na raba ikiwa nzima, mimi siungi mkono kubadilisha ati kwa sababu "huenda kwa jozi". Jointi si shoki.

Binti Barani

Mzee hapo tutatofautiana kwa adabu. Barabara ni moja, umri ni mmoja. Ya kulia itakufa ndani ya miezi, na kazi utairudia na alaimenti utailipa mara mbili. Mimi nabadilisha zote.

(Prado yangu nayo: ya chini kulia ilikuwa na mchezo. Nimeagiza mbili, na bolti zake. Mgeni alifurahia tuktuk kuliko nilivyopenda.)

Mzee Grisi

Kwa Prado nakubaliana nawe bila ubishi, badilisha zote. Kwa Corolla mwenye pesa ni yeye.

Msafiri wa Marafa (mleta uzi)

Nati nimeirudia, imekwenda mbele jino moja, spliti pini mpya. Nimekagua kulia: hakuna mchezo, lakini raba ina ufa mwembamba kama unywele na ukiibinya yatoa grisi. Grisi bado nyeusi, haijaingia mchanga. Nimewasoma Mzee na Binti wote wawili, na nikizingatia kwamba Jumanne naenda tena Marafa, nanunua. Kazi Jumamosi baada ya alasiri, alaimenti Jumatatu.

Safari hii sitaki nyundo. Nani Malindi ana pula ya boljointi inayoingia kwenye NZE niiazime? Naja kuichukua mwenyewe, na nitairudisha imepanguswa.

Tuktuk Nambari Moja

Mimi ninayo. Usiniulize ya nini.